Karatasi ya Msamaha

Sidi, mke wa Kombe, hakuogopa nyoka. Aliwahi kumuua mmoja kwa mwiko akaendelea kupika. Alichokiogopa yeye ni karatasi.

Na alikuwa na sababu. Zamani, kule bara ya Kilifi, babu yake aliletewa karatasi na watu waliovaa viatu vizuri. Wakamwambia, "Mzee, weka dole hapa. Ni utaratibu tu." Mzee wa watu akaweka dole gumba. Mvua ziliponyesha akashika jembe, akakuta shamba lina mwenyewe mwingine. Alikufa akilitazama lile dole lake.

Ndiyo maana Sidi, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, aliingia darasa la ngumbaru. Kila Alhamisi, akishauza mahamri yake hapo Bombolulu, alibeba daftari akaenda kujifunza kusoma. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno. Nyumbani alisikilizwa na binti yake Josephine, fundi cherehani wa miaka ishirini na mitatu.

"Hapo umeruka herufi, mama."

"Sikuiruka. Yenyewe imejificha!"

Wakacheka. Nyumba ile ilikuwa na kicheko, hilo nilitaje mapema, maana mbele kicheko kitakosekana.

Jumanne moja asubuhi Josephine alivaa gauni lake la kanisani akatoka na barua. Uwanja wa mtaa ulikuwa umezungushiwa mabati bila mtu kuambiwa neno. Watoto walicheza hapo. Watu wakifiwa, majamvi ya matanga yalitandikwa hapo. Barua iliuliza maswali mawili tu: nani amefunga uwanja wetu, na kwa ruhusa gani? Watu mia mbili walikuwa wametia sahihi.

Sidi hakutia. "Jina langu mliache nyumbani," alisema. "Karatasi na mimi hatusalimiani."

Josephine na wenzake walitembea kwa miguu kwenda ofisi ya wadi. Hawakubeba rungu wala jiwe. Walibeba majani ya mwarobaini, kuonyesha amani, na ile barua.

Saa nne na nusu Mishi, rafiki wa Josephine, akaja mbio bila viatu.

"Mama! Polisi wametupiga mabomu ya machozi. Josephine amekamatwa!"

Mwiko ukamponyoka Sidi mkononi. Mafuta yakaungua peke yake.

Mumewe, Kombe, alikuwa mpakuzi wa mizigo katika ghala moja huko Changamwe. Alipopigiwa simu alikuja mara moja. Hakupiga kelele. Alioga, akavaa shati lake jeupe la arusi na misiba, akakaa kitandani kufunga kamba za viatu.

"Tunakwenda kuomba radhi," alisema.

"Kwa kosa gani, Baba Josephine?"

"Kosa halitafutwi. Kwetu mtu akigombana na mkubwa, wazee huchukua kadzama, ile tembo ya mnazi ya kufungulia maneno. Wakakaa chini, wakainamisha vichwa, yakaisha. Mwenye kujishusha hapungui kitu."

Mlangoni walikutana na jirani yao Jerioth, amesimama na magongo yake. Jerioth alikuja Mombasa kutoka bara akiwa msichana. Polio ilimchukua mguu mmoja, lakini mikono yake ilitunga shanga hata wageni wakashangaa. Tena alikuwa amesomea kuwasaidia watu katika mambo ya sheria, bila malipo. Mtaa mzima ulimwita Wakili wa Shanga.

"Nimesikia," alisema. "Poleni sana. Mnabeba nini huko?"

"Maneno mazuri," alijibu Kombe. "Ningepata na chupa ya mnazi ningebeba."

"Haki ya Mungu, Baba Josephine, ukiingia kituoni na mnazi ni wewe utalala ndani. Ngojeni niende na nyinyi. Josephine hajafanya kosa. Katiba inaruhusu watu kukusanyika na kupeleka malalamiko, bora wawe na amani na wasiwe na silaha."

"Ahsante, mwanangu. Lakini maneno ya katiba yatawakasirisha. Hili tutalimaliza kwa mila zetu."

Jerioth hakubishana na mtu mzima. Alimshika Sidi mkono. "Mama Josephine, nisikize. Mtu yeyote asitie sahihi kitu ambacho hakijasomwa. Wewe sasa unajua kusoma. Soma."

Kituoni walipokewa vizuri, na hilo ndilo lililomlegeza Kombe. Afande aliyekuwa kwenye kaunta aliwapa benchi. Alisikiliza salamu zote. Kombe aliinamisha kichwa, akazungumza kama anavyozungumza mtu aliyepeleka posa.

"Mzee, wewe ni mtu wa busara," alisema afande. "Sisi hatuna ubaya. Binti yako ni mkaidi tu. Aombe msamaha, atie sahihi hapa, mwende naye nyumbani sasa hivi."

Josephine akaletwa. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Mguu mmoja hauna kiatu. Gauni la kanisani lilikuwa limechanika begani, akalishika kwa mkono asionekane ngozi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Kombe alimsogelea. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Tia sahihi twende zetu."

"Nimekataa tangu asubuhi, baba."

"Jishushe, Josephine. Mimi mwenyewe nimejishusha hapa mbele yako."

Josephine akatazama chini. Machozi yakamtoka, na kule ndani hakuwa amelia hata mara moja. "Baba, ukinilazimisha nitatia. Kukaa ndani nitaweza. Kukosa radhi yako sitaweza."

Kombe akautazama ule mguu usio na kiatu. Alikuwa amechoka, alikuwa na hofu, alimtaka mtoto wake. Akasema, "Basi tia."

Josephine akachukua kalamu.

"Ngoja!" Sidi alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Nipeni nisome."

"Mama, ni utaratibu tu," afande alisema.

Utaratibu tu! Sidi alilisikia neno lile, akaliona dole la babu yake. Aliivuta karatasi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka kumtazama.

"Mi-mi Jo-se-phi-ne Ko-mbe," alisoma. "Na-ki-ri kwa-mba ni-li-li-pwa…"

Akasimama. Akarudi nyuma. Asije akawa ameruka herufi.

"Nililipwa," alisema tena. "Nililipwa ku-cho-che-a gha-si-a."

Akainua kichwa.

"Afande, nani alimlipa mwanangu?"

"Hayo ni maneno ya kawaida, mama."

"Kwetu msamaha hauna maneno haya. Huku ni kujitia kosa ambalo hakulifanya." Akamgeukia mumewe. Macho yalikuwa mekundu. "Baba Josephine, babu yangu aliweka dole kwa sababu hakujua kusoma. Sisi tumesoma. Tutasema nini?"

Kombe alinyoosha mkono akaitoa kalamu katika vidole vya binti yake, taratibu, akaiweka juu ya kaunta.

"Hatii," alisema.

Afande akakunja uso. "Basi atabaki ndani."

Sidi akatoka nje akampigia simu Jerioth. Tuktuk ilimleta kabla ya nusu saa. Aliingia kwa magongo yake, akasalimu kwa adabu, akauliza kwa sauti ya chini.

"Afande, naomba nambari yake kwenye OB, kile kitabu cha matukio. Ameandikwa saa ngapi, na kwa kosa gani?"

Afande alisita. Josephine hakuwa ameandikwa popote. Sidi akaelewa mara moja: mtoto asiyeandikwa anaweza kuhamishwa, na wazazi wakimuulizia, polisi wakasema hawajamwona.

"Mwandike, tafadhali," alisema Jerioth. "Alikamatwa saa nne asubuhi. Ana haki ya kuambiwa kosa lake kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuzungumza na wakili, na wakili nimeshampigia, yuko njiani. Na kesho kabla ya saa nne asubuhi awe amefikishwa kortini. Ni saa ishirini na nne, afande. Mimi sikuziweka, zimewekwa na katiba."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Afande akavuta kitabu, akaandika: kurusha mawe na kuzua ghasia. Jerioth akamwomba Sidi ainakili nambari ile katika daftari lake la ngumbaru. Sidi akaiandika, nambari kubwa kubwa, akaipigia mstari.

"Josephine," Jerioth aliuliza, "mliwaarifu polisi kabla ya maandamano?"

"Siku nne kabla. Nakala yenye muhuri wao iko ndani ya kitabu changu cha nyimbo."

"Basi hicho kitabu kesho kinakwenda kortini."

Asubuhi yake walifika korti ya Shanzu mapema. Josephine akaletwa kabla ya saa nne. Wakili alionyesha nakala yenye muhuri. Alionyesha pia ile karatasi ya msamaha, maana Sidi alikuwa ameipiga picha kwa simu yake pale kaunta, kabla ya kutoka kumwita Jerioth. Hakimu aliisoma mpaka mwisho. Akauliza kama kuna shahidi yeyote aliyemwona msichana huyu akirusha jiwe. Hakukuwa na shahidi. Upande wa mashtaka ukaomba kuondoa kesi, na Josephine akaachiliwa. Hakimu akaelekeza malalamiko kuhusu mdomo ule uliovimba yapelekwe kwa wanaowachunguza polisi. Jerioth aliyaandika siku ile ile.

Nje ya korti Sidi alimkumbatia mwanawe mpaka Josephine akasema, "Mama, unaniumiza." Kombe alisimama mbali kidogo, akigeuza kofia mikononi. Mwishowe akasogea.

Nanyi mnajua kwetu mambo yalivyo. Mtoto ndiye humwomba radhi mzazi. Mzazi kumwomba mtoto, hilo hulisikii. Lakini Kombe aliinamisha kichwa mbele ya binti yake, vile vile alivyokiinamisha kituoni.

"Mwanangu, nilikuamuru ujisingizie. Niwie radhi."

"Baba, usiseme hivyo…"

"Niache niseme. Radhi huombwa na aliyekosa. Wewe hukukosa. Mimi nilikosa."

Josephine akamshika mikono yote miwili. Jerioth akajifanya anarekebisha gongo lake.

Wiki iliyofuata barua ilipelekwa tena. Safari hii pia polisi waliarifiwa mapema, na Jerioth aliwafundisha watu la kufanya: kutembea pamoja, kutobeba kitu, kumkataza anayeokota jiwe, na kila mmoja kuwa na nambari ya wakili. Walikwenda zaidi ya mia tatu. Afisa wa wadi alitoka akaipokea barua kwa mkono wake. Majibu yalichukua mwezi mzima na ziada, lakini yalikuja kwa maandishi: mabati yaondolewe, uwanja ni wa umma. Jumamosi iliyofuata watoto walicheza mpaka magoti yakawa mekundu kwa vumbi.

Lakini siku ile ya kupokea barua, afisa wa wadi alipekua majina, akasimama kwenye jina moja la mwisho. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, zimepinda pinda, zimekula mistari miwili.

"Huyu ni nani?" aliuliza. "Kama hajui kuandika, wino upo. Angeweka dole tu."

Sidi akapita mbele ya watu wote. Mkono wake ulikuwa bado unanuka iliki.

"Ni mimi," alisema. "Dole tulishaweka. Hilo ni jina langu."