Sufuria za Fundi Pistoni

Mtaani kwao kila mtu alimwita Fundi Pistoni. Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha injini za ndege, na sasa alikuwa amestaafu. Aliishi na binti yake, fundi cherehani, na mjukuu wake wa miaka sita. Mjukuu walimwita Kasuku, kwa sababu alianza kusema mapema na hakujua kunyamaza.

Asubuhi moja binti alikuwa akipika uji. Fundi alikaa kando ya jiko. Akaigonga sufuria kwa kijiko.

"Kasuku, unajua hii ilikuwa nini? Injini ya silinda tisa. Silinda zimepangwa duara kama petali za ua. Ilibeba barua, ikabeba wagonjwa, ikanyunyizia dawa mashambani."

"Baba, ameisikia hiyo mara mia," binti alisema. "Mwache anywe uji aende shule."

Lakini Fundi akianza habari za kiwanda hakuwa na breki. Walianza na injini ya silinda tano, katika banda lililovuja. Ikaja ya silinda saba, kisha hiyo ya tisa. Halafu wateja wakataka injini za kisasa, zisizo na pistoni, zinazovuta hewa mbele na kutoa moto nyuma. Injini za zamani zikarundikwa uani. Wafanyakazi wakaambiwa achukuaye achukue.

Fundi alichukua mkokoteni mzima. Nyuma ya nyumba alijenga tanuru, akayeyusha kila kitu, akamimina kwenye kalibu za mchanga. Zikatoka sufuria kumi na mbili, nene, zinazong'aa. Moja alimpa binti yake. Nyingine aliwagawia watu wa mtaa. Alijiona amefanya jambo la maana sana. Kitu kilichobeba watu angani kingeshindwaje kubeba uji?

Kasuku hakunywa uji. Alijishika tumbo.

"Linauma, Babu."

"Tumbo tena? Huo ni ujanja wa kukwepa shule. Mvivu wewe."

Hakuwa mtu mkatili, ila siku hizo mtoto alimchosha. Miezi mingi sasa tumbo lilimuuma na choo kilikuwa kigumu. Mchana alisinzia. Mwalimu alisema anasahau hata herufi alizozijua mwaka jana. Na yule aliyekuwa haishi maneno, sasa aliweza kukaa saa nzima kimya.

Jumamosi alikuja jirani yao, Mama Maabara, kuchukua gauni lake. Naye alistaafu kiwandani. Kazi yake ilikuwa kupima metali kabla hazijatengenezwa injini. Alimwona Kasuku amelala mkekani saa nne asubuhi. Akauliza habari zake, binti akamweleza. Kisha akaiona sufuria.

"Hii mmeinunua wapi?"

"Ninunue nini?" Fundi alijibu kwa kujidai. "Nimeimimina mwenyewe. Pistoni, vifuniko, beringi, vyote vya injini zetu."

Mama Maabara alivuta kiti, akakaa.

"Na beringi, Fundi?"

"Nitupe beringi nzuri vile?"

"Beringi zile zilikuwa na risasi ndani yake. Sisemi risasi ya bunduki. Ni metali laini, nzito, ya kijivu. Na petroli ya injini zile ilitiwa risasi pia. Masizi yake yaliganda kwenye pistoni. Kule kazini kila metali ilikuwa na karatasi yake na sehemu yake. Wewe umezitia zote tanuru moja."

"Lakini moto ule unaunguza uchafu wote."

"Risasi haiungui ikaisha. Inabaki humo. Ukipika, hasa vitu vichachu kama nyanya na ndimu, inatoka kidogo kidogo na kuingia kwenye chakula. Huioni wala huionji. Kusugua sufuria hakusaidii. Inamdhuru mtu mzima, lakini mtoto inamdhuru zaidi, maana ubongo wake bado unakua."

Fundi aliinua sufuria, akaitazama ndani.

"Mimi sikujua," alisema.

"Mimi nilijua. Nilipita hapa ukiyeyusha, nikakusalimia, nikaenda zangu. Sikuuliza unatengeneza nini. Na mimi nina langu la kujutia."

"Sasa tufanye nini?" binti aliuliza.

"Sufuria hii isiguse chakula tena. Na mtoto akapimwe damu. Hakuna njia nyingine ya kujua."

Hospitalini damu ya Kasuku ilikutwa na risasi nyingi. Muuguzi aliwaeleza kwamba dawa ya kwanza ni kuondoa kinacholeta sumu. Apewe maziwa, maharage na mboga za majani, kwa sababu mwili ulioshiba vizuri huingiza risasi kidogo. Na arudi kupimwa kila atakapoitwa.

"Na yale aliyosahau, yatarudi?" Fundi aliuliza.

"Mengine yatarudi, mzee. Mengine siwezi kukuahidi."

Fundi alilia pale pale kwenye benchi, watu wakimtazama. Kisha akamgeukia mjukuu.

"Nilikuita mvivu. Ulikuwa mgonjwa, na ugonjwa nimeuleta mimi. Nisamehe."

Kasuku alifikiri kidogo. "Basi usinifokee tena, Babu."

Kuanzia siku ile Fundi alipita nyumba kwa nyumba. Wengine walimcheka. Wengine walimnunia. Kila sufuria aliyorudishiwa aliitoboa chini ili mtu yeyote asiitumie tena kupikia, akaipeleka kwa bwana afya. Hakuuza hata moja kama chuma chakavu.

Baada ya miezi minne risasi katika damu ya Kasuku ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Tumbo liliacha kuuma. Alianza kusoma tena, ingawa polepole kuliko wenzake.

Ilibaki sufuria moja. Mwenyewe alikuwa amehama, na Fundi alimtafuta wiki nyingi. Alimkuta mtaa wa mbali. Alikuwa mama kijana, na sufuria ilikuwa zawadi ya harusi yake. Alikuwa na mtoto mgongoni. Alimsikiliza Fundi mpaka mwisho.

"Mtoto wangu nimemwanzishia uji kwa sufuria hii," alisema. "Atakuwa mzima?"

"Sijui, mwanangu. Lazima apimwe. Funga mlango, nitakwenda nawe."

Hospitalini karani aliandika jina la mtoto na la mama. Kisha akamtazama Fundi.

"Na wewe mzee, ni nani wake?"

Fundi aliiweka sufuria mezani.

"Mimi ndiye niliyeitengeneza hii," alisema. "Andika hivyo."