Posa Iliyokwenda Kitomanga

Siku Batuli alipopanda juu ya meza ya mitumba ya Twalib, sokoni Lindi, alikanyaga shati jeupe la watu na wala hakuomba radhi. Jumamosi hiyo soko lilikuwa limefurika, watu wametoka mpaka Rondo na mihogo yao, na wanawake wa kikundi cha Tusemezane, watetezi wa wanaopigwa na waume zao, walikuwa wameshapiga ngoma, wanamngoja yeye tu. Batuli ni mfupi. Bila meza asingeonekana. Akakaza khanga kiunoni, akaeleza habari za mwanamke mmoja aliyepigwa na mumewe hadi mkono ukavunjika, akakimbilia kwao, na kwao wakamrudisha kwa mume. Hata wauza dagaa waliacha kuita wateja.

Aliposhuka, Twalib alimwonyesha shati lenye alama ya kandambili. Kijana wa Kilwa Masoko huyo, mrefu, suruali yake imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata.

"Dada, hili nani atanunua sasa?"

"Liweke kando. Wapo wanaopenda yenye michoro."

"Basi nitavaa mwenyewe. Wakiniuliza nani kachora, niseme nani?"

"Sema Batuli," akajibu, akaondoka kabla hajacheka.

Skolastika, muuza samaki wa kukaanga na mwenyekiti wa kikundi, aliona yote. Kufika adhuhuri, soko zima lilikuwa na habari hiyo na nyongeza zake.

Mwaka huo simu za mkononi ndiyo kwanza zimeingia Lindi, na vocha ghali. Twalib akawa anabipu kila alasiri, Batuli naye anabipu kujibu, mradi kila mmoja ajue mwenzake anamkumbuka. Siku Twalib akipata wateja wazuri, alipiga kabisa.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Vocha yote hiyo unaulizia muhogo?"

"Naulizia mlaji."

Alijua Batuli aliwahi kuolewa na kuachika. Zaidi ya hapo hakuambiwa. Hakujua kwamba alipoingia Lindi mara ya kwanza mkono ulikuwa kwenye plasta, na kwamba kwenye vikao vya Tusemezane alikaa nyuma miezi na miezi, khanga imeziba mdomo. Skolastika hakumlazimisha kusema. Alimpa samaki awapare magamba, akamwacha asikilize wenzake. Baadaye Batuli akaanza kuwasindikiza wanawake polisi, akajifunza kubaki amesimama palepale mezani kila alipoambiwa yakamalizwe nyumbani. Mwisho akapewa kusema mbele za watu, na akaonekana amezaliwa nayo kazi hiyo.

Twalib alipoamua kuoa, alifanya kama alivyolelewa. Akauliza watu sokoni wazee wa Batuli ni nani, akaambiwa kuna mjomba, Mzee Kibwana, Kitomanga. Akamtuma rafiki yake Salumu awe mshenga. Salumu alirudi anang'aa meno.

"Mambo tayari, kipenzi," Twalib akasema kwenye simu. "Mjomba wako kakubali papo hapo. Kasema tukuchukue tu, mradi usirudi tena kumtia aibu."

"Umekwenda kuniomba kwa yule?"

Simu ikakatwa, kisha ikazimwa. Twalib alikwenda mpaka mlangoni kwa kikundi, wanawake wakamrudisha. Sokoni watu wakagawanyika: hawa wanasema Batuli kaharibiwa na hayo mahubiri yake, wale wanasema liko jambo. Batuli mwenyewe alikuwa akiamka na hasira na kulala nayo. Anahangaika kuwafundisha wenzake wasiamuliwe mambo yao, kumbe naye keshapangiwa na wanaume wawili ukumbini.

Skolastika alimwacha alie, kisha akamuuliza swali moja huku akigeuza samaki kikaangoni. "Kila ukipanda mezani, mwanamke mmoja, mwanamke mmoja, soko zima linamjua. Huyu kaka wa watu umemwambia ni nani?"

Juu ya meza Batuli alikuwa hodari, lakini mbele ya mtu anayempenda ulimi ulimganda.

Kesho yake akaenda kwa Twalib, wateja wamejaa, akasimama mbele yake.

"Yule mwanamke ni mimi. Mkono wenyewe huu. Na aliyenirudisha ni mjomba Kibwana, mara mbili. Mara ya pili alinipandisha lori kwa mkono wake."

Twalib aliweka chini nguo aliyokuwa akikunja.

"Ningejua, ningekuuliza kwanza."

"Na usipojua?"

"Hapo ndipo nilipokosea. Ilikuwa nikuulize hata kama sijui lolote."

Kwenda Kitomanga kurudisha neno la posa alikwenda mwenyewe, akatukanwa, akarudi. Batuli naye akaongea na mdogo wake Abilahi, na Abilahi akakubali kusimama walii, amwozeshe yeye siku ya nikaha. Posa ikaletwa upya, safari hii chumbani kwa Tusemezane.

Salumu aliingia, kofia kichwani, akakuta wanawake wamejaa mkekani mpaka dirishani. Akauliza wazee wako wapi.

"Umewakuta," Skolastika akasema. "Kaa, mwanangu."

Wakamhoji mpaka akatoa leso kujifuta jasho. Twalib akikasirika hufanya nini? Ameshawahi kumnyanyulia mkono mwanamke? Salumu akajibu yote, mengine kwa kuapa. Mwisho Skolastika akamgeukia Batuli, aliyekaa katikati na khanga mpya, akamwuliza yeye anasemaje.

Batuli akainama, kimya. Salumu, aliyekwisha kupeleka posa za watu nyumba nyingi ambako kimya cha bibi harusi ndiyo kukubali kwake, akaanza kuinuka. "Alhamdulillahi, mtoto keshakubali."

"Kaa chini, kaka Salumu," Batuli akasema. "Sijasema bado."

Salumu akakaa. Nje, Twalib alikuwa ameegemea ukuta, anasikia kila kitu. Batuli hakuwa na haraka. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akatengeneza khanga yake begani, akainua sauti ileile ya sokoni, ifike mpaka nje.

"Nimemkubali."