Pua Aliyoikataa Nélida

Jioni ile Nélida Yucra alitoka kwenda kununua mkate tu.

Alijitanda shali jeusi mpaka chini ya macho. Haikuwa kwa sababu ya upepo wa Juliaca, mji wa nyanda za juu za Peru, ule unaokokota vumbi na mifuko ya plastiki barabara nzima. Alikuwa anaficha plasta nyeupe iliyobandikwa katikati ya uso. Alikuwa amerudi kutoka jiji la Arequipa wiki hiyo hiyo. Daktari wa huko alimvunja mfupa wa pua, akauchonga, akaufupisha, kisha akamwonya asipenge kamasi, asiiname, wala asicheke sana.

Kutocheka hakukumpa taabu. Nélida alikuwa mtu wa kubeua, na kubeua hakuhitaji meno.

Aliwabeua akina mama waliokaa chini sokoni na mafungu yao ya viazi. Aliwabeua hata wateja wake mwenyewe, wanawake wenye mashavu yaliyobabuka kwa baridi, waliokuja dukani kwake kununua krimu za kung'arisha uso. Lakini waliompa kinyaa hasa ni wale waliomrithisha ile pua. Ndefu, yenye nundu, ncha yake imeinamia mdomo kana kwamba inataka kunusa maneno kabla hayajatoka. Mama yake, Herminia, alikuwa nayo vile vile, na aliringa nayo kama mtu aringavyo na pete ya dhahabu. Na sasa bintiye Maricielo, mtoto wa miaka sita, ilikuwa imeanza kumchomozea.

"Ukikua na wewe tutaikata hiyo takataka," humwambia akimsuka nywele.

Mtoto huifunika pua yake kwa kiganja.

Basi alinunua mkate, akakata kona kupita uchochoro wa nyuma ili asikutane na mtu. Jua lilikuwa limeshazama, giza halijaingia. Ni ile saa ambayo watu wa huko huwaita watoto wao ndani na kufunga milango.

Ikaja harufu.

Nélida akasimama. Matundu yote mawili ya pua yake yalikuwa yamezibwa pamba. Tangu atoke Arequipa hakuwa amenusa hata supu. Lakini hii aliinusa... udongo mkavu, sufu ya zamani, na kitu kitamu-kitamu, kama tunda lililosahauliwa kabatini mpaka likakauka.

Kikongwe mmoja alikuwa amechutama ukutani. Hakuwa na kofia, na Juliaca hata ombaomba hakosi kofia. Hakuwa na viatu. Gauni lake lilikuwa la sufu isiyotiwa rangi, ya mtindo ambao Nélida hakuwahi kuuona kwa mtu aliye hai.

"Mwanangu," kikasema kwa Kikechua. "Kile nilichokupa kiko wapi?"

Nélida alikisikia vizuri. Lugha hiyo alinyonya nayo, ila tangu aanze shule alijifanya haijui. Akajibu kwa Kihispania.

"Bibi, mimi sikujui. Hujanipa kitu."

Kikongwe kikainua uso.

Pua ile ile. Nundu ile ile. Hata ule upinde mdogo wa kwenda kushoto, ambao Nélida aliutazama kiooni kwa miaka thelathini na ushei akiulaani.

Angekuwa mtu mwingine angekimbia. Yeye alibeua mdomo.

"Ahaa, hicho? Wamekitupa jaani pamoja na pamba chafu. Nenda Arequipa ukagombanie na mbwa."

"Na kile kingine?"

"Kipi tena?"

"Kilichoko nyumbani kwako... kidogo... bado kinakua."

"Chukua!" Nélida akasema, akakipita. "Chukua na hicho. Uchafu wenu siutaki mlangoni kwangu."

Nyuma yake kikongwe kikacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kama majani makavu yanayosagwa kiganjani. Alipogeuka, uchochoro ulikuwa mtupu. Harufu ilikuwa bado ipo.

Ikamfuata mpaka nyumbani.

Maricielo alikuwa amekaa karibu na dirisha, televisheni inaongea peke yake.

"Mama, yule bibi ana mikono ya baridi," akasema.

"Bibi gani?"

"Aliyenishika pua."

Dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo. Kwenye ncha ya pua ya mtoto kulikuwa na vumbi jeupe, laini, la ukubwa wa kidole gumba. Nélida alilifuta kwa upindo wa shali. Likarudi. Akalifuta tena kwa maji.

Likarudi.

Tangu siku hiyo mtoto alikataa chumvi. Supu yenye chumvi aliitema, akalia kwamba inamchoma. Hakutaka tena kukaa juani. Aliburuza kigoda chake kwenye kona yenye kivuli na kugeukia ukuta. Kisha Nélida akaanza kumkuta kitandani amechutama, magoti yameshikana na kidevu, mikono imeyazunguka, macho wazi. Alimlaza chali. Akienda kuchota maji na kurudi, alimkuta amechutama tena.

Kila mtoto wa nyanda zile anajua ni nani hukaa hivyo. Wafu wa kale, waliomo ndani ya minara ya mawe kule kilimani, wamefungwa hivyo hivyo katika sufu yao.

Mumewe Wilber alikuwa safarini mpakani na lori lake. Nélida hakuwa na la kufanya ila kumpigia simu mama yake, jambo ambalo hakulifanya ila akiwa na shida.

Herminia alifika na kofia yake nyeusi na furushi mgongoni. Akamtazama binti yake pale mlangoni, akaguna.

"Ndicho ulichokwenda kununua hicho? Umekaa kama nguruwe aliyegonga ukuta."

"Mama, sikukuita uje unitukane."

"Sitoki kwangu kuja kutukana watu. Pua hiyo inajitukana yenyewe. Mtoto yuko wapi?"

Alipomwona Maricielo kwenye kona yake, aliweka furushi chini. Akapiga magoti, akazinusa nywele za mjukuu wake. Akainuka taratibu, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Ulisema nini, Nélida? Na ulimwambia nani?"

Nélida akaeleza. Nusu alieleza, nusu aliimumunya. Herminia akamzaba kofi la shingoni, maana usoni pasingepigika.

"Mjinga wewe! Hao wa minarani waliishi kabla ya jua hili kutoka. Lilipochomoza likawakausha humo humo walimojificha. Hawana walichobakiza duniani ila sura zao, na sura zao tunazo sisi. Anakuja kukuuliza kwa upole, nawe unamwambia chukua?"

"Nilidhani ni kichaa."

"Kichaa ana pua yako?"

Kesho yake, jua lilipoanza kushuka, walikodi bajaji. Dereva aliwafikisha chini ya kilima, akazima injini, akasema hasogei hata hatua moja zaidi. Herminia alimbeba mtoto mgongoni kwa shuka la sufu. Hakuwa na uzito, alisema baadaye, ni kama kubeba kikapu kitupu.

Mnara waliouendea ulikuwa umebomoka upande mmoja. Mlango wake ulikuwa kitundu kilichotazama mashariki, cha kumtosha mtu atambaaye. Herminia akamwaga divai chini, akaweka sadaka ya majani ya koka na mafuta ya mnyama lama. Akamketisha mtoto kizingitini. Maricielo akachutama mwenyewe, magoti kidevuni.

"Sikiliza," Herminia akanong'ona. "Aliyesema ndiye anayefuta. Mimi nashuka chini, wala sitageuka nyuma. Utasema kwa Kikechua: hii ni sura yetu, tunaitaka. Basi. Usiongeze neno. Na huo mdomo wako usiubeue."

"Nimesikia."

"Haya. Mwanao huyo, Nélida."

Akashuka. Mlio wa viatu vyake juu ya changarawe ukafifia... ukafifia... ukaisha.

Upepo ukakatika.

Harufu ikatoka kitunduni kama pumzi. Nélida akafumbua mdomo. Maneno yalikuwa mepesi, ya mtoto mdogo kuyasema. Lakini alijisikia mpumbavu, mwanamke mwenye duka lake mjini, kusimama hapo na kubembeleza mifupa.

"Nataka mtoto wangu," akasema kwa Kihispania.



Kisha sauti ikaja kutoka ndani, ile ile ya majani makavu, karibu sana na sikio.

"Na pua... au bila pua?"

Ilikuwa kazi ya neno moja. Chini kule mama yake alikuwa anasubiri. Nélida akamtazama mtoto: uso mdogo, mkavu, na katikati yake ile nundu iliyoanza kuota. Akaona shule, na wenzake wakimwita Tai, kama alivyoitwa yeye. Akaona miaka yote ya kujificha nyuma ya shali. Ndivyo alivyojiambia. Lakini chini ya hayo kulikuwa na kitu kingine, cha zamani, kichungu, na kilikuwa karaha tupu.

"Bila," akasema.

Kitu kikavutwa ndani, kwa haraka, kama shuka linalochomolewa chini ya mlango.

Maricielo akasimama. Akajipangusa magoti, akaja, akamshika mama yake mkono. Mkono ulikuwa wa baridi. Nélida alijiambia ni upepo, ingawa upepo ulikuwa haujarudi.

Chini, Herminia aliwasha taa ya simu yake na kummulika mtoto usoni. Akammulika muda mrefu. Pua ilikuwa ndogo, imenyooka, ya kupendeza, kama ya mwanasesere.

"Ulisema nini kule juu?"

"Nilisema ulichoniambia."

Herminia akazima taa. Njia nzima hakumgusa mtoto, na mtoto hakumtazama bibi yake hata mara moja.

Plasta ya Nélida ilitolewa, na kazi ilikuwa safi. Wateja walimsifu. Waliwatazama mama na binti pale nyuma ya kaunta, pua mbili za chapa moja, wakasema kweli huyu damu yako. Wilber aliporudi alimwinua mtoto juu, akacheka, akasema kumbe uso umemkaa vizuri alivyokua. Hakuuliza zaidi. Mtoto alikula kila alichopewa, chumvi na vyote. Hakulia. Hakuugua. Hakumwita mtu yeyote mama. Nyakati nyingine Nélida alimkuta amesimama mbele ya kioo, akijigusa uso kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayelipima gauni la kuazima.

Herminia hakukanyaga tena nyumba ile. Watu walisema huonekana kilimani jioni, anaita jina kwenye mlango wa mnara, anaacha chakula, anashuka. Nélida aliposikia alibeua. Uzee umemwingia kichwani, alisema.

Siku moja walikuwa mezani, wawili tu, anga ndiyo kwanza inafifia. Simu ikalia. Ilikuwa namba ya mama yake. Nélida akaipokea ili amkemee.

Ulisikika upepo wa kilimani, na mkwaruzo wa simu ikisogezwa juu ya jiwe. Kisha sauti ndogo, ya mbali, kama iliyozibwa na sufu.

"Mama... hapa baridi. Bibi anasema hujaja."

Nélida aliijua. Hakuna mama asiyeijua sauti ya mwanawe.

Ng'ambo ya meza mtoto mwenye pua nzuri alikuwa ameacha kula. Alimkazia macho yasiyopepesa.

"Ni nani?" akauliza.

Upepo ulivuma simuni. Sauti ile ikaanza kulia.

"Wamekosea namba," Nélida akasema, akakata simu, akamsogezea mtoto sahani.