Shemeji Alidai Haki ya Kuandika

Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina binti mmoja, Daniella. Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaki kuificha.

Hapa Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, wengi wanaishi kwa shaba na kobalti. Mimi niliishi kwa kompyuta. Nilikuwa nikitengenezea zahanati ya mtaani programu ya kufuatilia chanjo za watoto. Mwaka mzima wa kazi... na waliniahidi kwamba ikimalizika, mimi ndiye nitakayeitunza.

Serge, mdogo wa mume wangu, alipomaliza masomo nilimkaribisha tutumie pamoja kompyuta yangu, inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Kila mmoja alikuwa na folda yake iliyofungwa. Zana za kazi, yaani programu ndogo za kutengenezea programu nyingine, niliziweka kwenye folda ya pamoja: yeye azisome na kuziendesha, mimi peke yangu nizibadilishe. Zana ikichezewa, kila anayeitumia ameumia. Je, hilo ni kosa?

Serge alikwenda kulalamika kwa mama yake. Mamamkwe akaja, hakutaka hata kukaa.

"Mama Daniella, weye unafungia mutoto wangu vyombo? Kesho utatufungia na chungu ya bukari?"

Nilimweleza kwamba sikumnyima mtu ugali, nililinda zana tu. Akacheka. "Hiyo ni ya bazungu. Kwetu ndugu haombake ruhusa."

Mume wangu, niliyemtegemea, aliinamia sahani yake. "Fungua tu, tupate amani."

Nikafungua. Niliandika saba tatu mfululizo, amri inayomruhusu kila mtu asome, aandike, yaani abadilishe, na aendeshe.

Nilipopeleka programu zahanati, mkurugenzi alishangaa. "Shemeji yako ameshaileta," alisema, akanionyesha. Ilikuwa yangu. Hata neno "chanyo" nililokosea kuandika lilikuwa palepale...

Nilirudi nikazikagua zana moja moja. Katika ile ninayotumia kuunganisha sehemu za programu, Serge alikuwa ameongeza mistari miwili: kila nikiiendesha, inanakili kazi yangu kwenye folda yake nyingine, aliyoiacha wazi makusudi. Folda yangu ilifungwa, ndiyo. Lakini zana niliiendesha mimi, kwa mamlaka yangu. Aliniibia kwa mkono wangu mwenyewe!

Nilipomkabili, alitabasamu. "Shemeji, mulango njo weye ulifungua. Miye niliingia tu."

Nilipompelekea mkurugenzi mistari ile miwili, alisema mambo ya familia tuyamalize nyumbani. Nyumbani wakaniambia nisamehe, maana kazi imebaki katika familia. Familia ya nani? Jina kwenye programu ni la Serge. Anayeitwa zahanati programu ikikwama ni Serge. Na mamamkwe anatangaza kanisani kwamba mwanawe ana akili.

Dada zangu mnaofanya kazi hii, nawasihi. Ndugu akitaka zana zenu, azisome, aziendeshe. Akidai haki ya kuziandika, mkatalieni mbele ya mama yake, wala msingoje mume awatetee. Mtaitwa wachoyo kwa muda.

Mimi naitwa mwenye wivu, na kazi sina.