Jike Aliyeonekana Mabonde Matano

— Nyayo, huyu jike ana mabawa?

Upande wa pili wa simu mtu akakohoa, na kile kikohozi Daktari angekitambua hata katikati ya soko. Miaka saba hakuwa amekisikia.

— Nani mwenzangu?

— Usijifanye hunijui. Namba yangu sijabadilisha.

— Hesabu...

Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo. Daktari alibana simu sikioni, akajikaza.

— Nimefungua zile sampuli zako za zamani za kinyesi. Kuna palahala jike mmoja, vinasaba ni vile vile, Jumatatu yuko bonde la kaskazini, Jumanne bonde la mto, Jumatano yuko kule kwenye majabali. Mabonde yote matano kayamaliza! Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba palahala hahami bonde lake. Sasa nakuuliza, alipanda basi?

— Nakuja, alisema Nyayo, na simu ikakatika.

Daktari aliweka simu mezani kando ya trei ya vichupa. Harufu ya spiriti ilimrudisha mbali. Enzi hizo yeye alikuwa mwanafunzi wa vinasaba, na Nyayo askari wa wanyamapori aliyeweza kuangalia alama ya kwato kwenye vumbi akakwambia mnyama yule ana mimba. Walikuwa wanakaa chini ya turubai moja, yeye anaandika lebo, Nyayo anatia kinyesi cha palahala ndani ya vichupa huku anaimba kwa sauti mbaya ajabu. Chai walinywa kwenye kopo moja kwa kupokezana, kwa sababu kopo la pili Nyayo alikuwa amelikalia. Mapenzi yao yalinuka mavi, na Daktari hajawahi tena kuwa na furaha ya namna ile.

Kazi yao haikuwa kuhesabu vichwa. Vichwa hata mpita njia anahesabu. Unaweza kuwa na palahala mia mbili, wale swala weusi wenye pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma, kumbe ndama wote baba zao ni madume wanne tu, na wengine wanakula majani na kuzeeka. Kundi la hivyo kwa macho ni kubwa, kwa damu ni dogo, na ndugu wakizidi kuzaana linaoza kutoka ndani. Daktari alikuwa anatafuta ukubwa ule wa damu.

Miaka saba iliyopita ukubwa huo ulitoka kumi na moja, yaani kama kundi zima lina wazazi kumi na mmoja tu. Wakubwa waliogopa, wakaleta malori, wakahamisha majike arobaini kwenda kuchanganywa na kundi la mbali. Kumi na saba walikufa njiani. Nyayo alikuwa juu ya lori mojawapo. Siku ile ile alimtumia Daktari ujumbe, ambao mpaka leo hajaufuta:

"Namba yako imeua. Usinitafute tena."

Naye hakumtafuta. Alilia mwaka mzima, akaajiriwa maabara hii hii, akazeeka kidogo. Wachumba walikuja, akawapa soda, wakaondoka.

Sasa Ijumaa kulikuwa na kikao. Sampuli za zamani zingelinganishwa na mpya kuona damu ya kundi imebadilika kiasi gani. Ikibadilika sana kwa muda mfupi, maana yake wazazi ni wachache. Jibu likishuka chini ya ishirini na tano, malori yanarudi, na safari hii wanabebwa wote. Jibu la awali lilikuwa tisa.

Nyayo aliingia saa nne asubuhi, kofia mkononi, mvi mbili tatu kidevuni. Sasa alikuwa mkuu wa doria, nyota begani. Daktari hakumpa kiti.

— Sema.

— Zote nilizizoa bonde moja, alisema. La kaskazini. Mabonde mengine sikufika. Safari ile wewe ulibaki maabara, lebo niliandika mwenyewe nimekaa kwenye jiwe.

— Sampuli sitini?

— Sitini.

— Kwa hiyo nilipima familia moja nikadhani ni kundi zima! Sauti ya Daktari ilipanda. Ndiyo maana ikatoka kumi na moja! Na ukanisukumia mimi? Miaka saba nimelala na mizoga kumi na saba kichwani, Nyayo! Nimejiita muuaji mimi! Na wewe ulijua?

— Nilijua tangu lori la kwanza.

— Ukanyamaza.

— Nikaogopa. Nikaona afadhali unichukie kwa kukuacha kuliko unidharau.

— Kwa nini ulifanya? Ulichoka kutembea?

Nyayo aligeuza kofia mikononi.

— Nilipewa wiki tatu, na nisitoke porini mpaka nimalize. Jumamosi ya wiki ya pili ndiyo tulikuwa twende kwa mama yako, nikajitambulishe. Uliniambia nikikosa siku ile mama atasema huyo hana nia. Nikafanya hesabu zangu, mabonde matano hayamaliziki kabla ya Jumamosi. Nikawahi.

Daktari aliikumbuka Jumamosi ile. Nyayo ndani ya shati la kuazima, mikono inafika kwenye viwiko. Mama alimpenda kabla hata hajakaa. Siku nzuri kuliko zote maishani mwake, kumbe ilikuwa imeibwa.

— Usiniletee mapenzi hapa, alisema huku machozi yanamtoka. Yaani hata hukuona aibu! Ngoja nikuonyeshe jinsi ulivyotuchezea.

Akavuta daftari lake la zamani, akapekua kwa hasira mpaka ukurasa wa sampuli zile. Kidole chake kikasimama. Kwa mwandiko wake mwenyewe paliandikwa: "Zinazojirudia kumi na mbili. Nimezifuta. Ijumaa, saa saba mchana."

Alikaa chini taratibu.

— Nini? aliuliza Nyayo.

— Niliona.

— Uliona nini?

— Kwamba wanyama wale wale wanajirudia bonde hadi bonde. Nilipaswa kukupigia simu nikuulize. Nikasema atakuwa kachanganya lebo, huyu. Nikafuta, nikafunga hesabu. Nilikuwa nakimbilia kusukwa nywele za Jumamosi.

Nje, mtu wa usafi alikuwa anaburuta ndoo ukumbini.

— Futa tena, alisema Nyayo mwishowe. Sema sampuli za zamani zimeharibika. Mimi nitaharibikiwa kivyangu.

— Zikiharibika bila sababu watauliza. Wataturudisha kwenye tisa, na malori yatakuja. Lazima uandike ulichofanya, usaini.

— Nikisaini, hizi nyota zinaondoka.

— Najua.

Nyayo akavuta kiti ambacho hakupewa.

— Nipe kalamu. Yule dume mwenye pembe moja fupi nimemjua tangu ndama. Siwezi kumpandisha lori.

Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Daktari akachukua kalamu ile ile, akaandika wa kwake chini yake.

Ijumaa, Mkurugenzi alisoma karatasi zile mara mbili, akavua miwani.

— Mnaniambia wanyama kumi na saba walikufa kwa sababu nyie wawili mlikuwa mnapendana?

— Walikufa kwa sababu nilidanganya, bosi, alisema Nyayo. Kupenda sikukosea.

Daktari alipewa barua ya onyo. Nyayo alivuliwa nyota, akapelekwa kukaa kwenye geti la hifadhi. Lakini uhamisho ulisimamishwa mpaka sampuli zikusanywe upya, na Daktari akasema atakwenda kuzikusanya mwenyewe kwa miguu yake.

Miezi miwili alitembea mabonde yote matano na askari wengine. Kila asubuhi simu yake ilipokea ujumbe kutoka getini: "Leo mpite upande wa mawe mekundu, majike hulala pale." Au: "Umekula?" Mwanzoni alijibu kwa neno moja. Baadaye akaanza kujibu kwa mawili, kisha akawa anasubiri.

Siku majibu yalipotoka, hakupiga simu. Aliendesha gari mpaka getini. Nyayo alitoka kwenye kibanda, sare imefifia, akasimama kama mtu anayesubiri hukumu.

— Thelathini na moja, alisema Daktari.

— Rudia.

— Thelathini na moja, Nyayo. Wanabaki.

Nyayo aligeukia ukuta wa kibanda, mabega yakatikisika. Daktari alimfuata, akamshika mkono.

— Nilikuchukia kweli, alisema. Na bado nilikupenda kila siku. Nimechoka kuvifanya vyote viwili.

— Mimi nilikupenda tu, alisema Nyayo. Ila kwa woga.

Akajipangusa uso, akafungua daftari la wageni kwa sababu ndiyo kazi yake. Akaandika jina la Daktari, namba ya gari, saa ya kuingia. Kwenye saa ya kutoka kalamu ikasita.

— Hapa nijaze saa kumi na mbili? Ndiyo tunafunga geti.

— Ukijaza hivyo, alisema Daktari, utakuwa umeandika uongo tena.