Maji ya Chumvi

Kila Jumamosi akitoka chuoni kusoma Kurani, Riyama aliosha gari ya baba yake mbele ya nyumba yao, Kikwajuni. Baba alikuwa na mwezi mmoja kaburini, lakini hakuna aliyemwambia aache. Aliosha tu, bila raha wala huzuni, kama anayeosha ukuta.

Jumamosi hii alikuja mnunuzi, Bwana Moiz mwenye duka la vitambaa. Mama alikuwa amekaa eda ndani, hatoki mbele ya wanaume, kwa hiyo Riyama ndiye aliyepeleka maneno na kuyarudisha. Ami Hamad, mdogo wake baba, alishika kazi ya kusifu.

"Ukiiwasha gari hii, jirani hajui kama imewaka!"

"Labda jirani yako kiziwi," alisema Bwana Moiz. Akasikiliza injini, akakagua oili, kisha akachungulia chini. Kote kulikuwa kumepakwa rangi nyeusi mbichi. "Mwanangu, kamuulize mama, imewahi kuingia maji ya chumvi?"

Mama hakusita. "Mwambie imeingia. Baba yako kapakia samaki ufukweni miaka mitatu, maji nusu ya tairi."

Ukumbini Ami Hamad akamzuia. "Sema haijaingia! Kodi ya nyumba mtalipa kwa kutu?"

Riyama alimtazama. Hakuhisi hofu, hakuhisi hasira. Alijua tu kwamba maneno aliyopewa si hayo.

"Mama kasema imeingia," alimwambia Bwana Moiz. "Miaka mitatu. Na rangi kapaka ami, juzi."

"Lo! Mtoto huyu!" Ami Hamad akashika kichwa.

Bwana Moiz akagonga chini kwa bisibisi. Pande la kutu likadondoka.

"Rangi niliiona zamani," alisema. "Mngenificha hili, hata injini nisingeiamini, ningekwenda zangu. Nitatoa milioni saba badala ya nane mnayotaka, hiyo nyengine iwe ya kuchomea vyuma."

Mama alikubali. Kodi ya mwaka ilipatikana, na kidogo ikabaki. Kisha akamwita tena Riyama.

"Naam, mama."

"Mwambie ami yako hivi: kitu kibovu kinauzika, ila ubovu wake utajwe kwanza. Anayeona haya kuutaja, asiuze."

Riyama akatoka, akayafikisha yote, hata ile sauti ya mama ya kugomba. Ami Hamad akainamisha kichwa kama mtoto wa chuoni aliyesahau sura yake, na Riyama, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akahisi kicheko kinamtekenya kooni.