Mkahawa Alioukataa Moubarak

Idi ilikuwa imebaki siku mbili na soko la Ruvumera, mjini Bujumbura, lilikuwa limefurika watu. Moubarak alipita katikati ya umati amebeba kompresa ya friji begani, akiomba njia. Wote walimpisha isipokuwa msichana mmoja mwenye abaya ya zambarau na viatu virefu ambavyo mtu mwenye akili zake havai sokoni. Kompresa ikadondosha tone moja la mafuta meusi juu ya mkoba wake mweupe.

"We fundi," msichana akasema bila kupandisha sauti, "huu mukoba nimeutoa dukani leo."

"Na mi hii kompresa nimeitoa dukani leo. Tusameheane."

Hakusamehe. Alimfuata mpaka kibandani kwake Buyenzi, akamsimamia huku mkono kiunoni mpaka doa likatoka. Kufikia hapo walikuwa wamebishana mambo matano na kucheka matatu, na Moubarak alikuwa ameshajua kwamba jina lake ni Ruqaya.

Mwaka ukapita, wakapendana kwa namna yao, yaani kwa ubishi. Ruqaya alikuwa binti wa marehemu Amur, mfanyabiashara wa vitambaa, wa ukoo wa watu wenye asili ya Oman waliozaliwa na kuzikwa Bujumbura tangu enzi za babu. Moubarak alikuwa mtoto wa Buyenzi, fundi wa friji, na hapakuwa na jiko la mkahawa mjini ambalo hakuwahi kulipigia magoti, tochi mdomoni. Mama yake Ruqaya alimpenda. Lakini baba alipokwisha kufariki, neno la kumwoza binti lilibaki kwa kaka mkubwa, Moosa, na Moosa aliishi Maskati. Hatimaye akaja na mkewe Miza kwa siku kumi tu.

Moosa hakutaka kumwona mchumba sebuleni. Sebuleni, alisema, kila mtu ni mpole. Alitaka wale pamoja nje, na mahali achague mchumba mwenyewe. Ruqaya akampigia Moubarak simu kumweleza maana yake. Akiwapeleka pa ghali, Moosa atasema kijana anatafuta sifa. Akiwapeleka pa rahisi, atasema anamdharau dada yake. Panatakiwa pa katikati, na afadhali pawe pa Kihispania, kwa sababu Miza aliwahi kula huko Hispania wali wa zafarani na samaki unaopikwa katika sufuria pana, na tangu siku hiyo hana hadithi nyingine.

"Mujini pako pawili tu, cheri," Ruqaya akasema. "Ile ya hoteli ya ufukweni ni ya mabalozi. Basi ni kwa Amandine, kule Rohero. Bei ya kati, nguruwe hana, mvinyo hana. Kama pamejengwa kwa ajili yetu."

"Kwa Amandine apana."

"Sababu?"

"Apana tu. Tutafute pengine."

Sababu alikuwa nayo. Wiki mbili kabla, Amandine alikuwa amemwita atazame chumba chake cha baridi. Moubarak alikuta mpira wa mlango umepasuka na kompresa inakata roho. Umeme ukikatika kwa saa mbili tu, samaki wa ndani walikuwa wanaanza kulegea. Alimwambia mama huyo asipike samaki mpaka vibadilishwe. Amandine akakubali, akasema vipuri ataagiza kesho, na tangu hapo kila siku ikawa kesho. Yote hayo Moubarak angeweza kuyasema kwa maneno kumi. Lakini marehemu babu yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa amemwapisha kwamba fundi akiingia jiko la mtu ameingia chumbani kwake, na alichokiona huko hakitoki na yeye mlangoni. Ni kwa kiapo hicho majiko yote ya mji yalimfungulia milango.

Basi akabaki na apana yake, na Ruqaya akabaki na simu yake, na simu hiyo ililia asubuhi, mchana na jioni. Moubarak alipendekeza mishikaki ya Musaga. Ruqaya akamuuliza kama kaka yake amevuka bahari aje kula amesimama kando ya barabara. Akapendekeza hoteli ya ufukweni, akakumbushwa habari ya sifa. Akapendekeza wapike nyumbani. Hapo Ruqaya akaacha ubishi, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Moubarak, niambie kweli. Unaona haya kuonekana na sisi?"

"Haya ya nini sasa, mupenzi wangu?"

"Sijui. Mutu anakataa mahali bila sababu, mi nitawaza nini? Niseme pengine kuna musichana anafanya kazi kule?"

"Hakuna musichana."

"Kwa hiyo kuna nini?"

Moubarak alisikia jibu limefika kwenye meno. Akalimeza. "Kuna kitu ambacho si changu kusema."

Ruqaya akasonya, akakata simu. Siku mbili hakuna aliyempigia mwenzake. Moubarak aliyakorofisha mafriji mawili ya watu kwa hasira, akayatengeneza upya bila malipo, na alimkasirikia kila mtu kwa zamu: Ruqaya kwa ukaidi, Amandine kwa kesho zake, babu yake kwa kiapo, na Miza kwa kwenda Hispania. Jumatano jioni ukaja ujumbe wa sauti, mkavu kama mkate wa juzi.

"Nimeshaweka meza kwa Amandine. Alhamisi, saa moja, baada ya Magharibi. Samaki nimeshaagiza. Ukitaka njoo. Usipokuja, kaka yangu anarudi Jumapili na mi nitakuwa nimeelewa."

Alhamisi alfajiri Moubarak aligonga mlango wa nyuma wa Amandine akiwa na sanduku la vyombo, kompresa begani na mpira mpya wa mlango shingoni kama taji la maua. Amandine, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani, aliyeishi Valensia miaka kumi na miwili, alianza kusema kesho. Alipouona uso wa Moubarak akaliacha neno katikati. Samaki wa zamani wakatolewa wote. Mtu wa pikipiki akatumwa Kajaga, ziwani, kuleta samaki wa sangala na mukeke waliovuliwa usiku ule. Moubarak akalala chali juu ya sakafu iliyolowa na kuanza kazi.

Kazi ya saa nne ikawa ya siku nzima. Umeme ukaondoka adhuhuri ukarudi alasiri. Magharibi aliisali stoo, kati ya magunia ya mchele. Saa moja kamili, akiwa bado anakaza skurubu ya mwisho, alisikia sauti ya Ruqaya ikiwakaribisha wageni mezani, kisha sauti nzito ya mwanamume ikiuliza mchumba yuko wapi. Akanawa mpaka kwenye viwiko, akavaa shati jeupe alilokuja nalo, lakini suruali ya pili hakuibeba. Akatokea kwa mlango wa jikoni, magoti meusi tii.

Moosa alikuwa amevaa kanzu ya Kiomani yenye kishada shingoni, ndevu zimechongwa. Miza alimeremeta shanga. Ruqaya, katika gauni la kijani lililomfanya Moubarak asahau salamu, alimtazama magotini, kisha usoni, kisha akaangalia pembeni.

Wakasalimiana. Moosa akampa kiti na hakumpa muda.

"Dada yangu anasema ulipakataa hapa wiki nzima. Na leo nimekuja, unatoka jikoni kwao. Nieleze."

"Sababu ninayo, kaka. Lakini si yangu kuisema."

"Hata kwangu? Unajua nimekuja kwa ajili gani?"

"Najua. Hata kwako."

Ruqaya akafunika macho kwa kiganja. "Sema hata uongo, basi," akanong'ona. "Wallahi nitakushukuru."

"Apana," Moubarak akasema. Aliona yule mtu wa Maskati akikunja leso yake taratibu na kuiweka mezani, kama anayejiandaa kusimama, na akajua kwamba neno lile lilikuwa limemgharimu mke.

Lakini Amandine alikuwa ameshafika mezani, sufuria pana mikononi, mvuke wa zafarani ukimpanda usoni. Alikuwa amesikia.

"Ni siri yangu, kwa hiyo mi nitaisema," akasema, akatua sufuria. Akawaambia yote: mpira uliopasuka, kompresa, zile kesho, na namna kijana huyu alivyolala chini tangu alfajiri ili wao wale samaki wa leo. "Angewaambia ninyi, na ninyi mungeambia muji. Ningefunga. Hakusema hata kwa huyu anayemupenda."

Moosa akamgeukia Moubarak. Kisha akaichukua tena ile leso, akaitandika magotini.

"Kwangu Maskati," akasema, "nina maduka matatu. Huu ni mwaka wa sita natafuta mtu wa kunyamaza namna hii." Akajipakulia wali. "Mwambie baba yako aje Jumamosi na wazee wake. Tutakaa sebuleni."

Miza alisema wali ule umeushinda wa Hispania, na hakuna aliyembishia.

Walipomaliza, Ruqaya na Moubarak waliwatangulia wenzao kwenye gari. Hapo Ruqaya akamgeukia.

"Ungeniambia mi. Mi peke yangu."

"Hata wewe."

"Na nikiwa muke wako?"

"Hata hapo, cheri."

Ruqaya akapumua kwa nguvu. Akamtajia mikahawa mingine mitatu anamopenda kula na mama yake, mmoja mmoja, akimtazama usoni. Moubarak akatazama barabara.

"Na frigo ya kwetu, ile mama alikuitia mwezi uliopita?"

Moubarak akaendelea kutazama barabara.

"Mungu wangu," akasema Ruqaya, akaegemea kiti, akaanza kucheka na kukasirika kwa pamoja. "Mutu gani nimejichagulia. Jumamosi, Moubarak, vaa suruali safi."